Vati nne sio kubutua: jinsi ya kupasia wima kwenye futiboli ya Marekani

Kila Ijumaa usiku kwenye jukwaa letu kuna mzazi mmoja lazima apige kelele "mbutue huko mbelee!" kwa Kiswahili safi kabisa, na mimi niko chini pembeni ya uwanja na makaratasi yangu nacheka peke yangu, maana miaka yangu ya kwanza huku na mi ndo nilikuwa naona hivohivo. Nipo Iowa, Marekani, nasaidia kufundisha risiva kwenye timu ya haiskuli, na watoto kadhaa wazazi wao wametoka Kongo na Burundi kwahiyo mazoezini Kiswahili kinapigwa kama kawa. Kitu nilichoeleza mara nyingi kuliko vyote, kwa watoto na kwa wazazi wao, ni kwamba pasi ya wima sio kubutua. Kubutua unapiga mpira mbele afu unamwachia Mungu. Pasi ya wima kwotabeki anajua kabla mpira haujatoka mkononi ni beki gani amewekwa njia panda, anamsubiri achague, afu mpira unaenda kule ambako beki hakuchagua.

Tuelewane maneno kwanza. Kwotabeki ndo mrushaji. Risiva ndo wanaokimbia kupokea, wawili wanakaa nje kabisa na wawili wa ndani tunawaita sloti. Upande wa pili kuna konabeki wawili wanaowakabili risiva wa nje, kuna lainibeka hapo katikati, na nyuma kabisa kuna sefti, hao wachukulie kama sentahafu wa mwisho, ukishawapita umebaki na nyasi tu. Mbio ambayo risiva amepangiwa inaitwa ruti: inayonyooka mpaka mwisho ni go, inayopanda afu inakata ndani kuelekea magoli ni posti, inayokata nje ni kona. Na kuna ile inayopanda kati ya beki mmoja na mwenzake, pale ambapo maeneo yao yanakutana, Wamarekani wanaiita kwa jina la mshono wa nguo na mi naiita mshono hivohivo, maana ukweli ni uleule, nguo huchanikia kwenye mshono.

Sasa Vati Nne yenyewe. Ni risiva wanne wote wanapanda juu kwa wakati mmoja, basi. Ukiichora ubaoni mtoto wa miaka sita anaielewa, ndo maana makocha wengi wanaidharau au wanaiita tu dakika za mwisho wakiwa wanafungwa. Ila angalia hesabu. Uwanja upana wake ni futi 160, yaani yadi 53 na kidogo. Timu nyingi za haiskuli zinakaa Kava 3, maana yake beki watatu wanagawana huko nyuma, kila mtu na kipande chake cha yadi kama 18, konabeki pembeni na sefti mmoja katikati. Wewe umepeleka wanne. Wanne kwa watatu, na huyo sefti wa katikati ana watu wawili wanamjia, mmoja kushoto mmoja kulia, mshika mbili moja humponyoka.

Lakini, na hapa ndo pazito kuliko pote, hiyo hesabu inafanya kazi kama wanne wako wamekaa mbalimbali. Wakisogeleana beki mmoja anawachunga wawili bila hata kutoka jasho, na hapo umepoteza mtu bila kujua. Kwahiyo kazi ya kwanza sio mbio, ni kila mtu kushika barabara yake. Risiva wa nje anapanda akibakiza yadi kama 5 kati yake na laini ya pembeni, sisi tumepaka mstari wa hizo yadi 5 kwa chokaa nyekundu kwenye uwanja wa mazoezi, hiyo nafasi ni ya mpira, akibanwa kwenye laini kwotabeki hana pa kuuweka. Sloti wao wanapanda juu ya hashi, zile alama fupifupi zinazotembea katikati ya uwanja.

Na hapo kwenye hashi kuna mtego ambao hakuna aliyeniambia, nimeujua kwa kuumia. Hashi za haiskuli zinagawa uwanja vipande vitatu sawasawa, kutoka moja hadi nyingine ni futi 53 na inchi 4. Za NFL, ile ligi kuu ya kulipwa, zimebanana, ni futi 18 na inchi 6 tu. Watoto wanaangalia NFL Jumapili, wanaona sloti wanapanda karibu karibu na katikati, Jumatatu wanakuja kukimbia vilevile, na sefti wetu wa mazoezi anawameza wote wawili kama tambi. Tumia upana uliopewa. Afu kumbuka mpira ukianzia hashi ya kushoto, sloti wa kulia ana safari ndefu kufika hashi yake, kwahiyo ajipange mapema kulekule mbali, asisubiri snapu, yaani mpira kupelekwa nyuma kwa kwotabeki mchezo uanze, ndo aanze kutafuta barabara.

Nikupe mfano wa msimu uliopita. Dauni ya tatu, yaani jaribio la tatu, na yadi 11 bado za kupata, wapinzani wako Kava 3 wazi kabisa hata bibi yangu angeona. Kwotabeki wetu akafanya kila kitu sawa, akaangalia kushoto, sefti akaenda kushoto, akageuka akarusha mshono wa kulia, mpira mzuri tu. Sloti wetu, ndo mwenye mbio kuliko wote kwenye timu, hakuwepo. Lainibeka alimgonga bega akiwa kwenye yadi ya 5 toka mpira ulipoanzia, yeye badala ya kurudi kwenye hashi akakubali kusukumwa nje, akapanda yadi nne au tano pembeni, yupo mapajani kwa konabeki. Mpira ukapita pale ambapo alitakiwa awepo, ukamkuta sefti amesharudi. Kaja pembeni anahema, "Anko, mbona nilikuwa wazi!" Nikamwambia ulikuwa wazi baba, ila mtaa wa pili, mgeni kaja na zawadi kagonga nyumba haina mtu. Akacheka kidogo, afu akanuna wiki nzima.

Dawa yake ni hii. Beki akikugusa piga mkono kutoka chini ya kwapa lake kwenda juu, mpite, na ukishampita UNARUDI kwenye hashi. Kipimo changu ni yadi ya 10, ukifika yadi ya 10 sijali ulipitia wapi, uwe juu ya hashi yako. Tunafanya hiyo kitu dakika kumi kila Jumanne bila mpira kabisa, mtu anashika ngao anawasukuma, mi nimesimama yadi ya 10 na koni mbili, asiyepita kati ya koni anarudia. Wanaichukia sana.

Haya, kwotabeki. Kabla ya snapu anahesabu sefti walioko juu, mmoja au wawili, hiyo inamwambia robo tatu ya habari. Akiona mmoja katikati, macho yake yote ni kwa huyo. Anapokea, anarudi hatua zake tatu huku anatazama sloti wa kushoto kama vile ameshaamua, bega limeelekea huko, sefti akiegemea tu, sio mpaka akimbie, AKIEGEMEA, mpira unatoka kwenda mshono wa kulia. Urefu wake ni yadi 18 mpaka 22. Na mpira wenyewe usiwe wa upinde mrefu, kosa la kila kijana hilo, anasikia wima anafikiri lazima mpira uguse mawingu, ukiupaisha sefti anapata muda wa kwenda chooni na kurudi. Unapita juu ya kichwa cha lainibeka, unashuka mbele ya sefti, mkali na mnyoofu. Mipira ya upinde ni ya go ya nje tu.

Je lainibeka wakiamua kurudi nyuma pamoja na sloti wako? Wazuri watafanya hivo, na wakifanya hivo wameondoka katikati. Rani beki wako, yule mkimbiza mpira anayekaa karibu na kwotabeki, akishaangalia kama hakuna wa kumzuia anatoka anasimama yadi 4 au 5 mbele ya mpira, anageuka, anapewa, na mbele yake kuna shamba. Kocha wetu mkuu anasema hii ndo pasi bora ya Vati Nne na mi sikubaliani naye sana lakini kiukweli yadi 8 ni yadi 8. Shida ni kwotabeki wa miaka 16 hawana subira ya kumpa rani beki wakati jukwaa linapiga kelele mbutue.

Sasa akiona sefti wawili juu. Kama ni Kava 2, kila sefti ana nusu ya uwanja, na konabeki wanabaki chini pembeni wanasubiri vipasi vifupi. Hapa sloti mmoja, na mnakubaliana kabla ni yupi, sisi ni wa upande wenye nafasi kubwa uwanjani, akiona katikati kuko wazi anapinda anaingia kati ya sefti wawili, nyuma ya lainibeka wa kati. Sloti mwingine anabaki kwenye hashi yake anamshikilia sefti wake asiende kokote. Na nje huku, kati ya konabeki aliyebaki chini na sefti anayekuja kutoka mbali, kuna shimo kama yadi 18 kando ya laini, mpira unapigwa pale kwa nguvu kabla sefti hajafika. Hiyo pasi inataka mkono haswa, ikichelewa sekunde nusu risiva wako anapigwa mbavuni na sefti aliyetoka mbio, na mama yake yuko jukwaani anakuangalia wewe. Mi kwa vijana napendelea yule anayepinda katikati, pasi ni fupi na mtupaji anaiona vizuri.

Kama sefti wawili na konabeki wawili wote wanarudi nyuma, hiyo ni Kava 4, wanne kwa wanne, hesabu imekufa. Usilazimishe. Hapa risiva wa nje akifika yadi 12 na anaona konabeki bado yuko mbele yake anarudi kinyumenyume kwa woga, anafunga breki, anageuka kwa kwotabeki, anapewa mpira kifuani. Ni wima bado, maana bila kutishia kupanda huyo beki asingerudi. Ila risiva na kwotabeki lazima waone kitu kimoja, mmoja akiona simama na mwingine akiona endelea mnatengeneza zawadi kwa wapinzani, na hii haifundishiki ubaoni, ni kurudiarudia tu mpaka kila mtu ajue mwenzake anawaza nini.

Mtu kwa mtu ni rahisi kufikiri, ngumu kutekeleza. Chagua pale ambapo mtu wako ni mkali kuliko wao, tupa huko. Makocha wa huku wana msemo wao, risiva akishakuwa sambamba na beki basi ameshamwacha, kwasababu yeye anakimbia mbele na beki bado anageuza kiuno. Kwahiyo usisubiri umwone ametangulia ndo urushe. Kijana wa haiskuli anayerusha yadi 40 hewani ni mkono mzuri tayari, na mpira unakaa juu sekunde kama mbili, kwahiyo lazima utoke wakati risiva anakaribia yadi ya 15, ukisubiri mpaka afike 30 umemtupia kisogoni na amesimama anakusubiri kama daladala. Risiva naye asinyooshe mikono mapema, mikono ikipanda beki anajua mpira umefika, itoe mwishoni kabisa.

Kuhusu mbio, watu wanauliza sana, lazima niwe na mtu wa mbio kali? Inasaidia, nani akatae. Bob Hayes alichukua dhahabu ya mita 100 Olimpiki ya Tokyo 1964, mwaka uliofuata akaingia Dallas Cowboys na beki wa kumkaba mtu kwa mtu hawakuwepo, timu zikalazimika kumchunga kwa zoni, yaani kila beki analinda eneo lake badala ya mtu. Lakini mchezo wenyewe wa kupanda wima ulijengwa na watu wa hesabu. Kocha Sid Gillman na Chargers wake wa San Diego walichukua ubingwa wa AFL, ligi iliyokuwa ikishindana na NFL, wa msimu wa 1963 kwa kuifunga Boston 51 kwa 10, na alichokuwa anahubiri ni kunyoosha uwanja wote, urefu na upana, na hatua za kwotabeki ziendane na hatua za risiva. Don Coryell akaja kuichukua timu hiyohiyo 1978, mwaka uleule NFL ilipobana sheria beki asimguse risiva akishapita yadi 5, na kwotabeki wake Dan Fouts akarusha yadi 4,802 msimu wa 1981. Afu hapahapa Iowa, kamji kadogo kanaitwa Mount Pleasant, mwaka 1989 makocha Hal Mumme na Mike Leach walianza kazi kwenye chuo cha Iowa Wesleyan ambacho hata hakipo tena, kilifungwa 2023, na pale ndo mfumo wao wa kurusharusha ulianza kupikwa. Vati Nne kwenye daftari lao inaitwa 6. Wameibeba mpaka chuo cha Kentucky, Leach akaipeleka chuo cha Texas Tech, na walikuwa na pasi chache tu jamani, chache mno, wanazirudia mpaka mtu anaota usiku. Hiyo ndo siri niliyoiiba mimi.

Ulinzi wa kwotabeki nisiuruke. Hii pasi inataka sekunde mbili na nusu mpaka tatu. Watu watano wa mbele, ndo tunawaita laini, wanazuia na rani beki anaangalia kabla ya kutoka. Wapinzani wakileta sita kumvamia, rani beki habanduki. Wakileta saba huna watu wa kutosha, hapo sloti mmoja lazima ageuke mapema apewe haraka haraka, mkubaliane kwa ishara. Timu yenye laini dhaifu inayolazimisha Vati Nne kila dakika inamuua kwotabeki wake, nimeona kwa macho, kijana aliamka Jumamosi hawezi kufunga kamba za viatu.

Ukiwa na laini dhaifu kuna njia nyingine ya kwenda wima, punguza risiva. Wanaiita Yankee. Wanabaki nyuma watu saba au wanane wanazuia, unadanganya kumpa rani beki mpira, lainibeka wanaingia mbele kwa pupa, na mbele wanaenda wawili tu: mmoja anapanda anakata posti, mwingine kutoka upande wa pili anakatiza uwanja mzima kwenye yadi kama 18. Sefti akimfuata posti, mpe anayekatiza. Akimshukia anayekatiza, posti yuko peke yake huko juu. Umeona ni kitu kilekile? Sefti mmoja, watu wawili, chagua. Kocha Steve Spurrier pale chuo cha Florida miaka ya tisini alikuwa na yake, posti juu na chini yake mwingine anapanda anakata ndani kwa pembe kali, sefti mwenye tamaa akishuka kuila ile ya chini anasikia tu jukwaa linalipuka nyuma yake.

Na kama unataka kuona wima ikipigwa pabaya kabisa, tafuta video ya Super Bowl, fainali ya NFL, ya Februari 2020. Kansas City wako nyuma 20 kwa 10, robo ya nne zimebaki dakika 7 na ushee, dauni ya tatu na yadi 15. Kwotabeki wao Mahomes akarudi nyuma sana, zaidi ya kawaida, kwasababu ruti ilikuwa ndefu inataka muda, risiva Tyreek Hill akapanda akajifanya anaingia ndani kama posti, sefti akadanganyika, Hill akakata kushoto kwenda kona akiwa na kijiji kizima peke yake. Mpira uliruka yadi 57 hewani, wakapata yadi 44, na mechi wakashinda 31 kwa 20. Isimamishe pale Hill anapogeuza kichwa ndani. Usimwangalie Hill, mwangalie sefti na miguu yake. Mi nawaonyesha vijana wangu hapo tu, kama mara nane, miguu ya sefti.

Ukitaka kuanza na timu yako, hata kama ni ya mitaani ya kunyang'anyana vitambaa kiunoni, wiki ya kwanza usiguse mpira, kimbiza barabara nne na koni mpaka zisivurugike. Wiki ya pili weka kwotabeki na sefti mmoja tu, sloti wawili, hakuna mtu mwingine uwanjani, arushe mara ishirini kwa siku, sefti ana ruhusa ya kubahatisha na akiinasa wote wanapiga pushapu. Hapo utashangaa kwotabeki anavojifunza kudanganya kwa macho bila kuambiwa. Kava 2 ilete wiki ya tatu. Kava 4 usiwe na haraka nayo, sisi tumeigusa mwezi wa pili.

Na ukishafika ndani ya yadi 20 za mwisho achana nayo. Nyuma ya laini ya goli mmebakiwa na yadi 10 tu za endizoni, sefti hana tena haja ya kurudi maana laini ya mwisho inamkabia, barabara zako nne zinaishia ukutani. Hapo sisi tunampa rani beki mpira, na yule mzazi wa jukwaani anapiga kelele zaidi.